Lenzi ya pili kwa mpiga picha wa kijijini: chukua ya milimita 50, achana kwanza na lenzi ndefu



Mavuno yakishaingia ghalani, harusi, kipaimara na mahafali hufuatana, na vijana wengi huona nafasi ya kuongeza kipato kwa kamera. Wengi huanza na DSLR iliyotumika, Canon au Nikon, yenye lenzi moja ya 18-55. Wakipata hela kidogo, au wakikopa kwenye VICOBA, swali huwa moja: ninunue lenzi gani sasa? Karibu kila mmoja anatamani lenzi ndefu ya 75-300, kwa sababu ukiibeba watu wanakuona mpiga picha kweli. Mimi nasema usiinunue, angalau si sasa.

Soma namba za lenzi yako

Namba ya milimita inaonyesha lenzi inaona upana gani. Kwenye 18 inachukua watu wengi, kwenye 55 inavuta karibu. Namba ya pili, 1:3.5-5.6, inaonyesha ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga. Hapa wengi huchanganya: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Mchana nje, 18-55 inatosha kabisa. Picha ya familia, ng'ombe wa kuuza, duka jipya, shamba la mahindi, zote zinatoka vizuri. Shida ni ndani ya ukumbi au kanisani jioni. Ukivuta hadi mwisho, tundu linabaki 5.6, mwanga unaoingia ni mdogo, na kamera inalazimika kukaa wazi muda mrefu. Bibi harusi akigeuza kichwa, sura inafifia. Mteja halipii picha ya namna hiyo, na harusi hairudiwi.

Kwa nini milimita 50

Lenzi ya 50mm f/1.8 haivuti. Ukitaka karibu unasogea, ukitaka mbali unarudi nyuma. Lakini tundu lake linapitisha mwanga zaidi ya mara 9 ukilinganisha na 5.6. Pale ulipokuwa unapiga kwa 1/25 ya sekunde, sasa unaweza kupiga kwa 1/250. Hapo ndipo picha iliyofifia inageuka kuwa picha ya kuuzwa. Tena nyuma ya mtu panalainika, na sura inajitokeza.

Utaniambia: si kuna flashi? Ile iliyojengwa ndani ya kamera haifiki mbali. Inang'arisha nyuso za mbele na kuacha ukumbi giza.

Lenzi hii ina mipaka yake. Kwenye kamera nyingi za kuanzia, kioo cha ndani kinachopokea picha ni kidogo, hivyo 50 inaona kama 80 kwa Canon na kama 75 kwa Nikon. Sebuleni, watu kumi hawatakuenea. Hapo rudisha 18-55. Ndiyo maana sikushauri uiuze. Hizi mbili zinasaidiana kama jembe na panga.

Lenzi ndefu ina kazi yake

Anayepiga mechi za mpira mchana au wanyama wa mbali, 75-300 inamfaa. Lakini nyingi za bei nafuu zinaishia f/5.6, sawa na ile uliyo nayo. Ukiwa kwenye 300, mkono ukitetemeka kidogo tu picha inaharibika. Unahitaji kasi ya karibu 1/500, na ukumbini mwanga huo haupo. Utakuwa umelipia urefu bila kutatua giza.

Kabla ya kutoa hela

1. Lenzi ya Canon haiingii Nikon. Na lenzi za Canon zilizoandikwa EF-S haziingii kamera kubwa kama 5D na 6D. Za EF zinaingia kote.
2. Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zake, kama D3500 na D5600, hazina mota ya kulenga ndani ya kamera. Tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S. Ile ya 50mm f/1.8D itaingia, lakini utalenga kwa mkono.
3. Kama lenzi imetumika, mulika tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Acha.
4. Ifunge kwenye kamera yako, piga picha kadhaa kwa tundu kubwa kabisa, kisha uzikuze kwenye kioo uone kama macho ya mtu yametoka makali.

Kuvu huletwa na unyevu, kama mahindi yaliyohifadhiwa mabichi. Weka lenzi kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu.

Piga hesabu kama ya mbolea

Tuseme lenzi ni shilingi 250,000, na kila harusi inakuachia faida ya 25,000. Unahitaji harusi 10 kurudisha fedha. Je, kijiji chako kina harusi 10 kabla marejesho ya mkopo hayajaanza? Kama hakuna, subiri. Fanya kazi na 18-55 nje, kwenye mwanga, weka akiba, kisha nunua bila deni. Na kama unachotaka ni kuonyesha nyanya zako kwa wanunuzi wa WhatsApp, simu uliyo nayo inatosha. Hela hiyo inunulie mbegu.

Mteja haulizi lenzi yako ina urefu gani. Anaangalia kama sura ya mwanawe inaonekana. Kazi njema.