Mleteni Shahidi wa Nne

Nakuandikia wewe, ndugu yangu Mwislamu, na wewe dada yangu unayesomewa ukurasa huu na wanao baada ya magharibi. Leo sina habari ya kukufurahisha. Nina jambo lililonikaa kooni tangu siku tuliyomzika binti mmoja hapa Kirumba, mjini Mwanza, na nimeona kulinyamazia ni khiyana.

Binti huyu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa pwani akaletwa huku ziwani angali mdogo, wazee wake wakifuata biashara ya nguo, kama walivyofanya wengi katika sisi tangu reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928. Alikuwa na sauti. Kasida za maulidi alizipokea hajatimiza miaka kumi, na watu wazima walifuta machozi wakimsikiliza. Alipokua akachukuliwa na kikundi kimoja cha sanaa, akacheza ngoma, akaimba taarabu, akaigiza michezo jukwaani. Televisheni ilipoingia Bara mwaka 1994 haikupita miaka mingi ukamwona ndani ya kioo, mke mwenza mwenye maneno makali, na watoto wa mtaani wakimwita kwa jina la mchezo badala ya jina alilopewa na babake. Kisha akaugua, akarudi kwa mamake, akafa.

Tuliswali alasiri msikiti umejaa. Jeneza lilipowekwa mbele niligeuka kupanga safu, nikakuta tumebaki watu kumi na mmoja, nami nikiwemo. Nikawapanga wale kumi safu tatu tuipate sunna, wanne, watatu na watatu. Nje, chini ya mwembe, wenzetu walisimama viatu mkononi, na neno lililotufikia kutoka kwao, na sisi tumo katika takbiri, lilikuwa moja: malaya.

Sasa tuulizane, ndugu msomaji. Sura ya Nuur tunaisomesha watoto wetu. Ndani yake Mola wetu ameweka hukumu ya mtu anayemsingizia mwanamke mtwaharifu tendo la zinaa kisha asilete mashahidi wanne: apigwe mijeledi 80, ushahidi wake usikubaliwe, na awe katika mafasiki ila akitubu. Hukumu hii haikubagua mwanamke mwenye buibui na asiyekuwa nalo, wala anayekaa ndani na anayepanda jukwaani. Basi nawauliza waliokuwa chini ya mwembe: nani alimwona? Mleteni shahidi wa nne. Wallahi, mimi nitastaajabu hata mkimleta wa kwanza.

Najua jibu, maana nimeshapewa barazani. “Sheikh, unahalalisha ngoma.” Sihalalishi. Mwanamke wa Kiislamu kukata kiuno mbele ya wanaume wanaokunywa bia, nguo imembana, na maneno ya wimbo yana matusi yaliyofunikwa kwa mafumbo membamba, ni haramu, na nilimwambia mwenyewe uso kwa uso mara mbili, akaniinamishia kichwa asinijibu. Lakini haramu ya mavazi ina mlango wake na haramu ya zinaa ina mlango wake. Mtu anayekula riba umemwona anakula riba. Humwiti mwizi wa ng’ombe kwa sababu umekwisha kumchukia. Elimu ni kuweka kila kitu mahali pake. Na ajabu ni kwamba wala riba wawili watatu nawajua, na wakifa msikiti hautoshi.

Tena tazama kazi yenyewe imetoka wapi. Msichana hakujijengea jukwaa. Katika miaka ya 1980 vikundi vya sanaa vilichipua mijini, Muungano cha Norbert Chenga kikiwa katika vilivyovuma zaidi, na onyesho moja lilikusanya kila kitu: ngoma, sarakasi, vichekesho, mchezo wa kuigiza, na mwisho taarabu. Mahali pa onyesho aghalabu palikuwa ukumbi wa baa, na mwenye baa alijua hesabu yake. Mwaka 1992, vyama vingi vilipokuja, chama tawala kikapata kikundi chake, Tanzania One Theatre, chini ya Kapteni John Komba. Kikundi kikamchukua Khadija Kopa kutoka Culture Musical Club ya Zanzibar, mwimbaji aliyekuja kuitwa malkia wa mipasho. Upande wa Muungano alikuwako Nasma Khamis, aliyejulikana kwa jina la Kidogo. Mabibi hawa wawili wa Kiislamu wakasimamishwa wapashane, huyu leo, yule kesho, na umma ukilipa kiingilio kuwasikiliza.

Wasukuma wa huku hawakuona jambo geni. Wao wana Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma zinazocheza siku moja uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi zaidi kwake. Nanyi wa pwani msicheke, kwani bibi zenu Unguja walikuwa na vyama vyao vya lelemama na taarabu, na ushindani wao mnaujua kuliko mimi.

Ninachouliza ni hiki: katika safari yote hiyo, aliyeunda kikundi ni mwanamume, aliyekodi ukumbi ni mwanamume, aliyeuza bia ni mwanamume, na kwenye viti vya mbele, wakitunza noti, walikuwa wanaume. Viongozi walipotaka watu wajae uwanjani wakati wa kampeni walimtanguliza mwimbaji, kisha wakapanda wao kusema. Hawa wote wana majina ya heshima. Jina baya likabakia kwa mmoja tu, aliyelala garini usiku akirudi na ujira ambao, kama mamake alivyonieleza, miezi mingine haukutimia. Na katika hiyo hiyo Sura ya Nuur, amri ya kuinamisha macho ilianza kwa wanaume, aya nzima, kabla ya kuwafikia wanawake. Mwenye macho yaliyoona kiuno anatuambia nini juu ya mwenye kiuno?

Na wewe dada yangu, usidhani nimekusahau. Kioo kile kiko sebuleni kwako. Hapa Mwanza tunacho kituo chetu wenyewe, Star TV, na nyumba ya Kiislamu isiyokuwa na televisheni siku hizi ni ya kutafutwa kwa taa. Ulicheka binti huyu alipomtolea mwenziwe maneno. Uliyahifadhi, ukayatumia kwa wifi yako. Siku ya maziko ukasema huendi kukaa na mamake kwa sababu “nyumba ile haina heshima”. Nani basi aliyemlipa mshahara, kama si macho yako?

Sheria yenu hii mbona haikutumika Unguja? Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alivuta sigara yake mbele ya watu, na ya kinywaji hakuyaficha; akaimba mpaka uzee wa mwisho, akatiwa katika filamu, akazunguka Ulaya. Alipofariki Aprili 2013 maelfu walimsindikiza, na Rais Kikwete alihudhuria maziko. Sisemi walikosea, walifanya lipasalo kwa maiti wa Kiislamu. Nauliza tu kama sala ya jeneza ni faradhi kwa mwenye sifa na ni hiari kwa masikini wa Kirumba.

Mei 21, 1996 ilipozama MV Bukoba, ikifa mamia ya watu karibu kabisa na bandari yetu, wasiotambuliwa walizikwa Igoma. Tulisimama kuwaombea waliokuwa Waislamu miongoni mwao. Hakuna aliyeuliza huyu alikuwa akifanya kazi gani Bukoba, na yule alilala wapi usiku wa kuamkia safari. Maji yalikuwa yametutia adabu.

Mwingine ataniambia kwamba hakutubu. Nani amekwambia? Shadia wa Misri aliigiza filamu zaidi ya 100 na akasimama kwenye jukwaa la mchezo wa kuimba, kisha miaka ya 1980 akaacha vyote, akavaa hijabu, akakaa kimya nyumbani kwake mpaka alipofariki Novemba 2017. Wamisri walimpokea. Huyu wetu alirudi mgonjwa, akakaa miezi katika chumba kimoja na mswala wake, na katika miezi ile waliomtembelea nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Tumesoma sote habari ya yule mwanamke kahaba wa Bani Israili aliyeteremsha kiatu kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Na yule hakusingiziwa. Alikuwa kahaba kweli.

Lipo jambo linaloniuma zaidi, na hili najilaumu nalo mwenyewe. Sauti ile tuliisifu akiwa na miaka tisa. Alipobaleghe tulimwambia anyamaze, basi; hatukumwonyesha mahali pengine pa kuipeleka. Wanawake wana maulidi yao, wana harusi zao, wana madrasa zinazohitaji mwalimu wa kike wa tajwidi, na hakuna hata mmoja katika sisi wazee wa msikiti aliyesema: mwanangu, njoo hapa, na ujira wako huu. Aliyekuja na ujira mkononi alikuwa mwenye kikundi.

Ameacha binti wa dadake, wa miaka minane, analelewa na bibi yake. Wiki ya pili baada ya maziko bibi alimleta madrasani kwangu, ameshika msahafu uliofungwa kwa kitambaa cha kanga. Wazazi wawili walikuja kuniambia kwa upole kwamba hawapendi watoto wao wakae mkeka mmoja naye. Nimewajibu kwamba mtoto anakaa mbele, kulia kwangu, kwa sababu makhraja yake ni safi kuliko ya wanao, na mlango wa madrasa unafunguka pande zote mbili.