Muhogo Husafiri kwa Baiskeli

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Rwanda (REMA),
Kigali.

Mheshimiwa,

Nyuma ya nyumba yangu hapa Kibagabaga kuna mashina tisa ya muhogo. Mama mkwe alizileta pingili zake kwa basi kutoka Ruhango, kazifunga kwenye kitenge, utomvu bado unadondoka. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mwaka uliofuata jirani akaomba, nikamkatia. Nasikia naye ameshampelekea dada yake aliyeko Nyamata.

Pingili hizo ndizo zilizonifanya nikuandikie. Tangu ipitishwe sheria ya usalama wa kibayolojia ya 2024, mimea iliyobadilishwa jeni inapita mezani kwenu. Ipo siku mtaletewa muhogo uliobadilishwa ndani ya kloroplasti, vile vidonge vya kijani ambamo jani hupikia chakula kwa jua. Humo hukaa Rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa. Ni mfanyakazi mzito huyo: hunasa molekuli chache tu kwa sekunde, tena mara kwa mara huokota oksijeni kwa makosa, na mmea hugharimika kusahihisha. Joto likipanda, makosa nayo huzidi. Jeni ya sehemu yake kubwa haiko kwenye kiini cha seli, iko kwenye kloroplasti yenyewe, kwa hiyo anayetaka kuigusa lazima aingie humo.

Si jambo la kesho. Mwaka 2014 watafiti wa Cornell na Rothamsted waliing'oa Rubisko ya tumbaku wakaweka ya bakteria, yenye kasi zaidi. Tumbaku ikaota, ila ndani ya chumba chenye hewa ya ukaa nyingi kuliko ya nje. Hata hivyo mradi wa RIPE wa Chuo Kikuu cha Illinois, unaotafuta njia za kuongeza usanisinuru, umeuweka muhogo kati ya mazao yake.

Waombaji watakuja na hoja nzuri: katika mimea mingi kloroplasti hurithiwa kwa mama, chavua haizibebi, basi jeni haitavuka uzio. Ni kweli. Lakini nani kwetu hupanda mbegu ya muhogo? Tunapanda pingili, na pingili ni mmea uleule, kloroplasti zake zote zimo.

Kabore, ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya muhogo, ilishatuonyesha. Nzi weupe waliupeleka ugonjwa ule mwendo mfupi. Mashina yaliyopakiwa kwenye baiskeli yakauvusha kutoka wilaya hadi wilaya, mpaka kiwanda cha unga cha Kinazi kikakosa muhogo na miche safi ikatafutwa Uganda.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, fomu yenu ya maombi ikishauliza chavua hufika mita ngapi, iulize pia mashina ya majaribio yatahesabiwa na nani, na yatachomwa mbele ya nani. Iulize kama mkulima ataruhusiwa kumkatia jirani. Jibu likiwa hapana, wakulima waambiwe kwa Kinyarwanda kabla jembe halijagusa ardhi, maana sijamwona mtu wa Ruhango aliyemnyima jirani pingili, na sidhani kibao cha onyo kitamfundisha.

Mvua za Septemba zikianza mama mkwe atakuja tena. Namjua, hatakuja mikono mitupu.

Wako,
Mkazi wa Kibagabaga, Gasabo