Nani Alikuambia 3D ya Hiyo Skrini Imekufa?

Leo naongea na wewe uliye na TV ama monita ya mtumba pale kwa nyumba, imeandikwa 3D kwa kona, na haujawahi kuona hiyo 3D hata siku moja. Naongea pia na aliyekuuzia akisema "hiyo kitu ilikufa, lakini picha ya kawaida ni safi." Mkae karibu, juu mmoja wenu anadanganya na mwingine amekubali kudanganywa.

Yangu niliinunua Luthuli Avenue, inchi 42, shilingi 14,000. Mnajua hali yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili na tangu hapo nakula kwa kuhariri video za watu, harusi na matangazo ya saluni. Hiyo elfu kumi na nne ilikuwa miezi mitatu ya kujinyima. Mpango ulikuwa rahisi: shule zikifunga Agosti niunganishe laptopu na hiyo skrini, watoto wa ploti waingie kwa shilingi 30, wavae miwani, waone samaki akiwatokea mbele ya pua. Mtoto wa huku akitaka 3D lazima apelekwe sinema ya mjini, na tikiti ya huko ni bajeti ya ugali na sukuma ya wiki.

Nikaunganisha kebo ya HDMI, nikavaa miwani. Wapi! Picha mbili zimebebana, kichwa kinagonga. Nikarudi dukani. Muuzaji, mzee wa heshima tu, akaniambia: "Kijana yangu, si nilikuambia 3D ni mbovu? Niachie nikupee elfu tano, nitatumia spea." Elfu tano! Nyumbani nako mama akamalizia: "Kwa hivyo uliacha chuo cha kompyuta, halafu kompyuta ikakushinda tena." Hiyo iliniuma kuliko kichwa.

Nilikaa usiku tatu na hiyo skrini. Haikuwa mbovu. Hakukuwa na waya umekatika wala kioo kimechoka. Zilikuwa setingi tu, na nitawaeleza zote, juu sitaki mtu mwingine auze TV yake bei ya spea.

Kwanza elewa kitu kinafanyika. Macho yako yameachana kama sentimita sita, kila moja linaona dunia kutoka upande wake kidogo, na ubongo unaunganisha hizo picha mbili kupata kina. Mwingereza Charles Wheatstone alieleza hii maneno 1838, kabla picha za kamera kuwa kitu cha watu. Kwa hivyo kazi ya skrini ni moja: jicho la kushoto lipate picha yake, la kulia lipate yake, na zisichanganyike. Ukiona picha mbili zimebebana na uko na miwani, ujue mahali fulani kati ya laptopu na jicho zimechanganywa.

TV yangu ni ile ya miwani myepesi, isiyo na betri. Kioo chake kina utando unaogawa mistari: mstari mmoja ni wa jicho la kushoto, unaofuata ni wa kulia, hivyo hadi chini, mistari 1,080. Sasa fikiria nini hufanyika laptopu ikituma picha ndogo halafu TV iivute ijae. Mistari inasagwa pamoja kama waru. Hapo ndipo nilikuwa nimekwama. Laptopu yangu ni ya 1366 kwa 768, na nilikuwa nimeiacha inakili skrini yake kwa TV, kwa hivyo TV ilikuwa inapokea picha ndogo na kuinyoosha. Bonyeza kitufe cha Windows na herufi P, achana na ile ya kunakili, chagua skrini ya pili pekee. Kisha ingia setingi za skrini uweke 1920 kwa 1080 kamili. Sio "karibu". Kamili.

Bado ilikuwa inabebana. Usiku wa pili nikagundua TV yenyewe ina tabia ya kukuza picha kidogo na kukata kingo, mazoea ya enzi za aerial. Utajua hivi: ukiona ukanda wa chini wa Windows umekatwa nusu, inakuza. Kuna mahali kwa menyu ya ukubwa wa picha pa kuiambia ionyeshe kila kitone kama kilivyotumwa. Na hiyo hoja ya kuipata menyu ndiyo ilinifungua macho kuhusu huyu mzee wa duka, hebu sikia.

TV za mtumba huja bila rimoti. Bila kitabu. Bila miwani. Vyote vilibaki kwa nyumba ya mtu Ulaya. Dukani wanakupatia ile rimoti ya mia mbili inayofanya kwa kila TV, na hiyo yangu haikuwa na kitufe cha 3D. Haiko! Wala cha kufika ndani ya menyu ya picha. Kwa hivyo mtu alipima 3D kwa rimoti isiyo na kitufe cha 3D, akaandika "mbovu" na kalamu nyekundu, akaenda lunch. Mimi nilitumia simu ya kakangu iliyo na ile taa ya rimoti juu, nikashusha programu yenye vitufe vyote vya kampuni ya hiyo TV. Kitufe cha 3D kilikuwa pale. Nikawasha video ya picha mbili zilizowekwa kando kwa kando, nikaijaza skrini yote, nikabonyeza, nikachagua kando kwa kando.

Wasee. Kasa alitoka ukutani.

Vitu viwili vidogo kabla niendelee kugombana. Ukiona kina kipo lakini kinakaa geugeu, vya mbali viko mbele, badilisha kushoto kwa kulia kwa menyu hiyo hiyo. Na skrini za aina hii hazipendi kutazamwa kutoka chini. Watoto wangu walikuwa wameketi kwa mkeka wakasema "buda, tunaona mbilimbili," nikadhani imerudi kuharibika. Niliinamisha TV ielekee chini, kelele ikaisha.

Kama yako ni ya ile miwani ya betri, hadithi ni nyingine. Hiyo inaonyesha picha ya kushoto, halafu ya kulia, zamu kwa zamu haraka, na miwani inafunga jicho moja moja kufuata mpigo. Monita ya kompyuta ya aina hii inataka Hz 120, ndio kila jicho lipate 60. Windows inaweza kuwa imeiacha kwa 60 na haikuambii chochote. Angalia mwenyewe. Angalia na kebo pia: monita nyingi za enzi hizo zilipokea hizo 120 kwa DVI ya waya kamili, ile yenye pini 24 zote bila pengo katikati, na ukitumia adapta ya VGA ya mia tatu utalia bure. Kisha uwashe miwani. Nimeona mtu amepigana na setingi masaa mawili na miwani haina chaji.

Sasa nisikie yule wa kuniambia "lakini bro, 3D ilikufa, nani anajali?"

Ilikufa vipi? Kombe la Dunia 2010 pale Afrika Kusini, mechi 25 zilipigwa kwa 3D. Miaka saba baadaye LG na Sony wakaacha kutengeneza TV za 3D, Samsung alikuwa ametangulia. Sawa. Siwezi danganya, walikuwa na sababu: miwani inasumbua, ile ya betri ni bei, video ni chache, na kuna watu macho yao hayaunganishi hizo picha hata ufanye nini. Kampuni kuacha kuuza kitu hakiuziki, sina kesi.

Kesi yangu ni hii. Nvidia waliuza miwani yao ya 3D Vision kuanzia 2009, seti karibu dola 200, na monita yake ulinunua kando. 2019 wakasema draiva za familia ya 418 ndizo za mwisho kuielewa. Ukitaka 3D, baki na draiva ya zamani. Lakini ukinunua kadi mpya, hiyo draiva ya zamani haiijui. Kifaa chako kiko mezani, kizima, taa inawaka, na kimefungwa kutoka mbali na mtu ambaye alishakula pesa yako. Waliofanya michezo mingine iendelee kuonekana kwa 3D ni mashabiki kwa nyumba zao, bila mshahara. Kuacha kuuza na kuzima ulichouza ni vitu viwili tofauti, na tukikubali kuviita kitu kimoja, kesho ni kamera yako, keshokutwa ni gari.

Sisi wa mtumba ndio tunaumia zaidi, juu kila kitu kinatufikia baada ya mwenyewe kuchoka nacho. Chuma kinafika Mombasa kwa kontena, maarifa yanabaki. Halafu huku katikati kuna watu wanakula kwa hilo pengo. "Imekufa" ni bei. Nauza elfu kumi na nne, nanunua elfu tano, na katikati hakuna hata skrubu imefunguliwa. Na sisi wa kutengeneza maudhui tunasaidia hao watu, tukifungua maboksi ya simu mpya kila wiki na hakuna mmoja wetu amewahi kukaa chini na TV ya 2012 akaonyesha watu menyu yake iko wapi. Nikiwemo. Nina video 60 na zaidi na hakuna hata moja ingenisaidia usiku huo wa kwanza.

Agosti ilienda fiti. Elfu kumi na nne ilirudi kabla shule zifunguliwe, na mama aliingia kuangalia siku moja akaketi hadi mwisho, akaniuliza kama hiyo miwani ni ya kurudisha.

Yule mzee wa Luthuli alinipigia Jumatatu. Amesikia. Ako na zingine mbili dukani zimeandikwa "3D mbovu" na anataka niende nizipime. Nimemwambia nitaenda bure, lakini bei ya kununua isipande kwa wateja, na niende na simu ya kakangu, atoe hizo karatasi nikiona. Bado anafikiria.