Meno Yao Mlihesabu

Barua ya wazi kwa Kamati ya Bunge la Taifa ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni

Eldoret, 15 Januari 2025

Waheshimiwa,

Siku ya kuandikisha makurutu mimi huenda kusimama kando ya uwanja, nje ya kamba. Vijana hufika kabla hakujapambazuka, wengine wamelala kwa jamaa zao Langas au Huruma, vyeti vyao vimo kwenye bahasha ya kaki. Wanakimbizwa. Wanapimwa kimo na uzito. Wanavua mashati, makovu yanakaguliwa, nyayo zinatazamwa kama ni bapa. Kisha afisa anamwambia kijana apanue kinywa, na meno yanahesabiwa. Nimewaona vijana wa miraba minne wakitoka pale wanalia kwa sababu ya pengo moja.

Leo imetimia miaka tisa tangu kambi ya jeshi letu huko El Adde, Somalia, ivamiwe. Jeshi hilo hilo, ambalo halimpokei mtoto wa mkulima bila kujua idadi ya meno yake, bado halijaiambia nchi ni askari wangapi walikufa siku ile.

Nilifundisha hesabu katika shule za msingi za kaunti hii kwa zaidi ya miaka thelathini. Mambo ya kivita siyajui, na wala sijifanyi kuyajua. Ninachokijua ni mtoto anayekwepa swali. Huyo namtambua akiwa bado mlangoni.

Alfajiri ya 15 Januari 2016 gari lililojaa mabomu lilivunja ulinzi wa kambi yetu huko Gedo, na wapiganaji wa Al-Shabaab wakaingia nyuma yake. Wengi wa waliokuwemo walikuwa wa Batalioni ya 9 ya Kenya Rifles, wenyeji wa Moi Barracks hapa kwetu. Tarehe 27 ibada ya kumbukumbu ikafanyika kambini humo. Alikuja Rais Uhuru Kenyatta, akaja Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia, akaja Rais Muhammadu Buhari wa Nigeria. Marais tuliwahesabu: watatu. Waliokufa hatukuambiwa.

Mwezi uliofuata Hassan Sheikh alisema kwenye runinga kwamba askari waliouawa ni kati ya 180 na 200. Jeshi letu likakana, lakini halikutaja namba yake. Mwezi Mei kituo cha CNN kikasema ni 141 au zaidi. Mwandishi Yassin Juma alikuwa amekwisha kamatwa Januari ile ile kwa yale aliyoyaandika mtandaoni kuhusu shambulio. Darasani nilikuwa na sheria moja: ukisema jibu la mwenzako si sahihi, simama uandike lako ubaoni. Serikali imesimama mbele ya ubao miaka tisa, chaki mkononi.

Tuliambiwa namba ingemfurahisha adui. Waheshimiwa, adui ndiye aliyebaki kambini baada ya risasi kunyamaza. Alipiga picha, akatengeneza filamu, akaisambaza. Yeye hesabu anayo. Asiyekuwa nayo ni mzazi wa Turbo na wa Burnt Forest.

Tena siri hiyo si desturi ya kila jeshi lililoko Somalia. Mwezi Mei 2023 Al-Shabaab walipovamia kambi ya Waganda huko Bulo Marer, Rais Museveni, ambaye hakuna anayemsifu kwa uwazi wa kupindukia, alitoka mwenyewe akasema: 54. Akasema pia kwamba wapo makamanda waliowaamuru askari warudi nyuma, na kwamba watashtakiwa. Uganda haikuanguka kwa kuitaja namba hiyo.

Kiingereza kina neno moja kwa akili na kwa ujasusi, neno hilo hilo lililomo katika jina la kamati yenu. Kiswahili kimeyatenga, na nadhani kilikuwa na sababu. Ujasusi tulikuwa nao: kamanda mmoja wa jeshi la Somalia alisema hadharani kwamba onyo lilitolewa kabla ya El Adde. Na hata kama hakuna aliyenong'ona lolote, ilitosha kutazama kalenda. Juni 2015 Warundi walivamiwa Leego. Septemba mwaka huo huo ikawa zamu ya Waganda huko Janale. Mbinu haikubadilika: gari la mabomu langoni, kisha watu wengi kwa pamoja juu ya kambi iliyo peke yake, mbali na msaada. El Adde lilikuwa swali la tatu lenye jibu lile lile. Na tarehe 27 Januari 2017, mwaka mmoja kamili baada ya ile ibada ya Moi Barracks, kambi yetu ya Kulbiyow ikavamiwa. Mwanafunzi akirudia kosa mara ya pili nilikuwa nikimlaumu mwalimu, yaani mimi. Lakini mimi niliyaona madaftari yao. Ripoti ya uchunguzi wa El Adde haijawekwa mahali ambapo raia anaweza kuisoma, kwa hiyo siwezi kusema nani alifunzwa nini.

Msinielewe vibaya. Oktoba 2011, operesheni ya Linda Nchi ya kuingia Somalia ilipoanza, niliiunga mkono. Watu walikuwa wametekwa Lamu, wafanyakazi wa misaada wakachukuliwa Dadaab, na nchi ambayo mgeni wake anaibwa kitandani ina haki ya kukasirika. Nyerere alipowatangazia Watanzania vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978, alitaja uwezo, sababu na nia. Sababu nasi tulikuwa nayo. Uwezo, tuseme. Nia ndiyo imekuwa ikibadilika kila baada ya miaka michache, na majina ya operesheni pamoja nayo: Linda Nchi, AMISOM, ATMIS, na tangu mwezi huu AUSSOM. Askari wa kwanza walivuka mpaka kabla Bunge halijaulizwa, ingawa Kifungu cha 240 cha Katiba kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa lipate idhini ya Bunge kabla ya kupeleka majeshi nje ya nchi. Novemba 2022 mliulizwa kuhusu Kongo, mkakubali, askari wakaenda na wakarudi. Sikumbuki kusikia ikielezwa Bungeni hesabu ya safari ile, faida yake na hasara yake, kwa lugha ambayo mama wa sokoni angeielewa.

Na wafu si wetu peke yetu. Tarehe 30 Oktoba 2011, wiki mbili tu tangu vita kuanza, bomu liliipiga kambi ya wakimbizi wa ndani huko Jilib. Madaktari Wasio na Mipaka walisema waliouawa ni watano na majeruhi 45. Jeshi letu likasema lilikuwa limepiga wapiganaji na gari lao la silaha. Waliokufa pale nao walikuwa na mama. Kiongozi anayesema vita vyake ni vya haki anapaswa kuwa wa kwanza kutaka kujua idadi hiyo, kwa sababu haki yake inategemea idadi hiyo. Asiyetaka kuijua anatuambia kwamba neno haki alilitumia kama pambo. Hapo ndipo ninaposhindwa kuona tofauti kati ya kiongozi mbaya na kiongozi asiyefikiri.

Mazoea haya ni ya zamani. Katika Vita Vikuu vya Kwanza Waingereza waliwabebesha Waafrika mizigo ya jeshi kutoka pwani hadi kusini ya Tanganyika, na wapagazi wakafa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara zaidi kuliko kwa risasi. Tumebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps, kwenye masoko: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu yao, na maandishi yake yanaahidi kwamba watoto wa waliokufa watayakumbuka majina ya baba zao. Jiwe lenyewe halina jina hata moja.

Wala msiniambie Kenya haiwezi kuhesabu wafu wanaoiaibisha. Mimi ni mtu wa Eldoret. Nilisikia harufu ya moshi wa Januari 2008. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile za baada ya uchaguzi, ilikaa, ikasikiliza, ikaandika waliokufa: 1,133. Namba hiyo iliwauma wakubwa wengi, na hadi leo kuna wanaoibishia, lakini wanabishia kitu kilichoandikwa.

Basi iiteni Wizara ya Ulinzi. Itakeni ripoti ya El Adde na ya Kulbiyow. Yaliyo siri ya kweli, kama mahali silaha zilipo, yafuteni kwa wino mweusi, hatutagombana. Idadi na majina yasomwe Bungeni, yaingie kwenye kumbukumbu rasmi. Yasomwe kabla hamjapiga kura nyingine ya kupeleka mtu popote. Kwenye mtihani nilikuwa nikitoa alama hata kwa jibu lisilo sahihi, ilimradi mtoto ameonyesha njia. Nami nitawapa.

Kuna mama mmoja huniuzia mboga. Mwanawe nilimfundisha kugawanya kwa tarakimu mbili, akapata shida nayo muhula mzima. Aliingia jeshini, akaenda El Adde. Kila Januari mama huyu hunifungia sukumawiki yangu, halafu huniuliza, "Mwalimu, kwani walikuwa wangapi?" Mwaka juzi nilimuuliza namba hiyo itamsaidia nini. Akasema anataka kujua kijana wake alikwenda na wenzake wangapi. Jumamosi hii nitapita sokoni kama kawaida, nami nitamwambia kwamba nimewauliza ninyi.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Eldoret