Jina la Jaribio Si Pambo

Watengeneza programu wengi wa Dar es Salaam wanaamini kwamba jaribio likishapita, mpitiaji wa msimbo hana tena la kusema. Muulize mwenzio kwa nini jaribio lake linaitwa “umri2”, atakuona mchokozi. “Si limepita?” Imani hii ina madhara, hasa katika programu za afya.

Chukua mtoto aliyezaliwa Bagamoyo saa nane usiku. Seva nyingi hutunza muda kwa UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa UTC ni saa tano usiku, tarehe ya jana. Programu ikiichukua tarehe hiyo bila kuirejesha kwenye saa za Afrika Mashariki, mtoto ameongezewa siku. Dozi ya kwanza ya chanjo ya penta hutolewa akitimiza wiki 6, yaani siku 42. Programu itamwita akiwa na 41. Kwenye utafiti siku hiyo ni nzito zaidi. Utafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S, ulioanza mwaka 2009 na kufanywa Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara, ulikuwa na kundi la wachanga wa wiki 6 hadi 12. Siku moja ingetosha kumwingiza asiyestahili.

Sasa fungua “umri2”, jaribio la hesabu hiyo ya umri. Saa ya kuzaliwa imefichwa kwenye faili jingine la data za mfano. Linalosomeka ni kwamba jibu liwe 42. Kumbe mtoto wa mfano alizaliwa mchana, ndiyo maana linapita. Mpitiaji atajuaje? Angedai jina kama “aliyezaliwa saa nane usiku hutimiza siku 42 kwa tarehe ya Tanzania”, na saa hiyo iandikwe ndani ya jaribio lenyewe, kasoro ingejitokeza palepale. Na jina liwe la Kiswahili, ili hata muuguzi wa kliniki akisomewa aweze kusema kama ni sahihi.

Mambo ya mtindo kama nafasi na alama za nukuu tuiachie mashine, sibishani. Lakini maana ya jaribio haina mashine ya kuinyoosha. Likianguka miaka miwili baadaye, mgeni wa mradi ataonyeshwa jina kwanza. Akikuta “umri2”, na bosi anasubiri, atabadilisha 42 iwe 43 ili kijani kirudi, na watoto wataendelea kuitwa kliniki kabla ya siku yao.