Mjomba na wiski ya mahindi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama walipata kumwona mgeni aliyetoka Marekani na chupa ya zawadi mkobani, kisha mwenyeji akaikataa mbele ya watu.

Yaliyotokea ni haya. Binamu yangu, ambaye ni muuguzi huko Louisville katika jimbo la Kentucky, alirudi nyumbani kwa Krismasi baada ya miaka sita. Babake, ambaye ni mjomba wangu, ni mzee wa Scotch. Tangu astaafu hana makuu. Kila Jumamosi jioni hukaa barazani kwake Buruburu, hujimiminia glasi moja ndogo, akaimaliza polepole, akafunga chupa hadi wiki ijayo. Binti akawaza na kuwazua, akaona kwamba zawadi ya kumfurahisha babake ni wiski ya huko anakoishi. Akanunua chupa ya bourbon kwa pesa za zamu za usiku.

Mzee alimimina, akapiga funda moja, akakunja uso kana kwamba amemeza shubiri.

"Mwanangu," akasema, "hii si wiski. Imepikwa kwa mahindi. Mahindi ni ya ugali na busaa!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Binti naye alicheka, lakini mimi niliyekuwa karibu na mlango wa jikoni nilimwona akipangusa macho kwa ncha ya leso. Januari akarudi kazini, na chupa ikabaki kabatini nyuma ya vikombe vya wageni.

Jambo hilo lilinikera. Hata hivyo, mjomba ni mjomba, huwezi kumkosoa mikono mitupu. Nikaamua kutafuta ukweli wa mambo. Niliyoyapata ndiyo ninayokuletea leo, mpenzi msomaji, hasa ikiwa una mzee wa aina hii nyumbani na jamaa ng'ambo anayefunga mizigo. Nanyi mlio chini ya umri wa miaka 18, someni haya kama somo la historia na jiografia, maana sheria haiwaruhusu kuuziwa kileo.

Nafaka na pipa

Kwanza, Mjomba hakukosea kuhusu mahindi. Sheria ya Marekani yataka mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka zinazopikwa bourbon. Sehemu inayobaki huwa ni ngano au rye, nafaka iliyo jamaa ya ngano, pamoja na kimea cha shayiri.

Lakini Mjomba alisahau jambo moja. Scotch anayoipenda ni ile ya mchanganyiko. Ndani yake mna wiski ya kimea cha shayiri, na pia mna wiski ya nafaka nyingine, ambayo kwa kawaida ni ngano au mahindi. Naam, huenda mzee amekuwa akinywa mahindi miaka yote hiyo pasipo kujua.

Kuna jambo kubwa zaidi, nalo ni pipa. Bourbon lazima itiwe katika pipa jipya la mti wa mwaloni, ambalo limechomwa kwa ndani hadi likafanya makaa. Rangi yake yote hutoka kwenye mti huo, kwa kuwa ni marufuku kuitia rangi. Scotch yaruhusiwa kutiwa rangi ya sukari iliyounguzwa.

Sasa basi, pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa bourbon. Hupelekwa wapi? Mengi husafirishwa hadi Scotland, yakajazwa Scotch, ambayo kisheria hukaa humo si chini ya miaka mitatu, na mara nyingi hukaa 12 au zaidi. Kwa hivyo mapipa mengi yaliyoilea Scotch yaliilea bourbon kwanza. Ule utamu wa vanila ambao wazee huusifu katika Scotch yao, sehemu yake ilitoka Marekani.

Kusoma kibandiko

Mnywaji wa Scotch amezoea kutazama umri, na akiona 12 hutulia. Kwa ya Marekani, kipimo hicho kitampoteza. Kiangazi cha Kentucky ni kikali na pipa ni jipya, hivyo mti hutoa ladha upesi. Bourbon ya miaka sita au minane ni mtu mzima kabisa. Ikikaa sana yaweza kuwa chungu, ikawa kama unatafuna ubao.

Badala ya umri, tafuta maneno haya. "Straight" maana yake imekaa pipani angalau miaka miwili, na ikiwa haijatimiza minne ni lazima umri wake uandikwe. "Bottled in Bond" ni neno la sheria ya mwaka 1897, iliyotungwa wakati wachuuzi walikuwa wakiuza pombe za kughushi. Chupa hiyo lazima itoke katika kiwanda kimoja na msimu mmoja, iwe imekaa miaka minne au zaidi, na nguvu yake iwe asilimia 50. "Small batch" halina maana yoyote kisheria, usilipie zaidi kwa sababu yake.

Kisha kuna "Proof". Ukiona nambari hiyo, igawanye kwa mbili upate asilimia ya kileo. Proof 80 ni asilimia 40, na Proof 100 ni asilimia 50. Tafadhali likumbuke hili, maana ndilo lililomponza Mjomba.

Ukinunua hapa nchini, kagua stempu ya ushuru ya KRA kwenye chupa. Bei ikiwa ya kutupa, jiulize ni kwa nini.

Ipi kwa nani?

Anza na ile Scotch ambayo mzee wako huinywa.

Ikiwa hupenda laini na tamu kidogo, kama Glenlivet au Glenfiddich, mpe bourbon iliyotumia ngano badala ya rye. Maker's Mark ni mfano mzuri. Ina asilimia 45 na haikwaruzi koo. Wenyewe hata huandika neno wiski kwa tahajia ya Scotland.

Ikiwa hupenda wiski kavu, yenye ukali wa pilipili manga, mpe yenye rye nyingi. Bulleit na Four Roses ni bourbon za namna hiyo. Akizipenda, songa hadi wiski ya rye yenyewe, kama vile Rittenhouse, ambayo ni ya asilimia 50.

Ikiwa hupenda moshi, zile za kisiwa cha Islay kama Laphroaig, ambapo kimea hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi, usimdanganye kwamba bourbon itamridhisha. Makaa ya pipa hayana moshi wa aina hiyo. Huyo mtafutie wiski ya Marekani ya kimea kitupu. Watu wa Westland mjini Seattle wametengeneza za namna hiyo, nyingine zikiwa na moshi. Serikali ya Marekani ilizitambua rasmi wiski hizo za kimea kitupu kama aina ya pekee kwa kanuni iliyoanza kutumika Januari 2025.

Na Jack Daniel's, ambayo kila baa inayo? Hiyo ni ya jimbo la Tennessee. Kabla ya kutiwa pipani huchujwa polepole katika makaa ya mti wa maple, ikalainika. Ina historia inayotugusa sisi Waafrika. Aliyemfundisha Jack Daniel kazi hiyo alikuwa mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, Nathan "Nearest" Green. Baada ya utumwa kukomeshwa, ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa kwanza wa Jack. Ilichukua hadi mwaka 2016 kampuni hiyo kuanza kuitangaza habari yake waziwazi. Mzee anayependa masimulizi atafurahia hadithi hiyo hata kuliko kinywaji.

Jumapili ya Pasaka

Nikiwa na elimu hiyo kichwani, nilimtembelea Mjomba siku ya Pasaka. Baada ya chakula nikamwomba ruhusa ya kuitoa ile chupa kabatini. Akaguna, lakini hakukataa. Nikatazama kibandiko: Proof 100. Chupa yake ya Scotch ilikuwa ya asilimia 40. Mzee alikuwa ameipiga kavu wiski yenye nguvu kuliko aliyoizoea, kisha akalaumu mahindi!

Dawa yake ilikuwa maji. Mililita 40 za wiski ya asilimia 50, ukiziongeza mililita 10 za maji, yaani vijiko viwili vya chai, hushuka hadi asilimia 40. Nikatia vijiko viwili, nikampa glasi, nikaketi.

Alinusa. Akaonja. Akanyamaza kwa muda, akaonja tena.

"Mpwa wangu, hii si ile ya Krismasi," akasema.

"Ndiyo ile ile, Mjomba. Nimeitia maji kidogo tu."

Nikamweleza habari za mapipa yanayovuka bahari kutoka Kentucky hadi Scotland. Alisikiliza, akaigeuza chupa mkononi, akasoma kibandiko neno kwa neno kama mtu asomaye barua. Kisha akaitisha simu. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni kwetu, na kule Louisville ilikuwa saa tano asubuhi.

"Mwanangu," akaanza, kisha sauti ikamkwama. "Ile zawadi yako nimeionja leo. Ni nzuri. Siku ile sikukutendea haki."

Sikusikia jibu lote, ila nilisikia binti akiuliza, "Baba, kwani hukuitupa?"

Wasomaji wangu, sikusudii kumfunza mtu kunywa. Asiyetumia kileo asianze kwa sababu yangu. Anayetumia, basi na iwe kidogo, asiendeshe gari, na ikiwa yumo kwenye dawa amwulize daktari kwanza. Mjomba bado ni mtu wa glasi moja ya Jumamosi. Tofauti ni kwamba sasa Jumamosi moja huwa ni ya Scotland, inayofuata huwa ni ya Kentucky.

Nawe ukiletewa zawadi usiyoizoea, iulize kwanza ilikotoka kabla ya kuikunjia uso. Mwenye kuileta huenda ameibeba njia ndefu.

Tukutane Jumapili ijayo.