Waraka kwa Wanachama: Tangazo Lililofungiwa Samaki

Ndugu zangu wa diko letu, wavuvi, wachuuzi na dada zangu wakaangaji,

Leo naandika nikiwa na simanzi. Juzi nilinunua changu wa kukaanga pale bandani, nikakuta amefungiwa karatasi ya tangazo la hali ya hewa niliyoibandika mwenyewe asubuhi. Imelowa mafuta, lakini maneno "upepo mkali" bado yanasomeka. Waliokuwa karibu wakacheka. Mmoja akasema, "Hiyo nayo ni Jobo tu."

Kauli hiyo naielewa. Aprili 2021 tulipandisha ngalawa juu, tukalala na njaa, na kimbunga Jobo kikafifia kabla ya kufika. Njaa ile ndiyo iliyotukaa kichwani. Mei 2024 kilipotangazwa kimbunga Hidaya, wengi tuliupima upepo ule kwa kumbukumbu ya Jobo. Kikatua Mafia, na kule Somanga mafuriko yakakata barabara ya Lindi. Sisi huku hakikutugusa sana, basi tumetoka hapo tunajiona mabingwa.

Mtu huijua bahari aliyoiona. Wazee wa Lindi waliopigwa na kimbunga cha Aprili 1952 hawakuhitaji kubandikiwa karatasi. Kile cha Aprili 1872 kiliangamiza mikarafuu ya Unguja, hata Pemba iliyonusurika ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Lakini nani kati yetu hukosa usingizi kwa sababu yake? Na yupo mzee wetu aliyepinduliwa na dhoruba nje ya mwamba. Tangu siku ile, bahari hata ikitulia kama maji ya mtungi, havuki. Tunamtania, na kusema kweli hesabu yake nayo haiko sawa, ila ni hesabu ileile yetu, imegeuzwa tu.

Ubishi hauniumizi; sisi ni wabishi tangu tumboni. Kinachoniumiza ni kuiacha ada yetu. Aliyeona wingu baya huko nje alimpungia mwenzake shuka, na mwenzake aligeuza chombo bila kudai ushahidi. Leo anayetupungia tunamfungia samaki.

Kesho baada ya alasiri nitabandika tangazo jingine, juu kidogo, mkono wa mkaangaji usifike. Mwenye kamba ya nanga iliyochakaa aje aseme kabla ya Ijumaa, tutazame mfuko wa chama. Nawe dada yangu, magazeti ya zamani yamejaa ofisini kwangu. Njoo uchukue.

Mwenyekiti wenu